Mabaki ya metadata: kwa nini diski iliyofomatiwa upya bado hujitambulisha kwa jina la zamani

Mabaki ya metadata ni alama za utambulisho zinazoachwa kwenye diski na mfumo wa faili wa zamani (utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski), na jedwali la patisheni lililokuwapo (orodha ya vigawanyo vya diski), au na safu ya RAID iliyokwisha vunjwa (diski kadhaa zilizounganishwa kufanya kazi kama moja), na kubaki pale hata baada ya diski kufomatiwa upya. Huzioni kwenye folda yoyote na hazipunguzi nafasi ya kuhifadhia. Lakini kila kompyuta inapowaka, kuna programu inayosoma diski kutafuta alama za aina hiyo, na ikiyakuta mabaki inaweza kuiita diski kwa jina ambalo si lake tena. Flashi uliyoigawa na kuifomati jana inaonyeshwa kama diski ya kusakinishia Ubuntu. Diski yenye ext4 mpya kabisa, mfumo wa faili wa Linux, inaitwa zfs_member, yaani sehemu ya ZFS, mfumo mwingine kabisa. Patisheni uliyoitengeneza sasa hivi inakataa kufomatiwa kwa madai kwamba inatumika.

Kwetu jambo hili lina uzito, maana diski nyingi tunazozitumia zimetoka mahali pengine: kompyuta za mtumba kutoka ofisi za Ulaya na Ghuba, diski za seva zilizostaafishwa, flashi inayozunguka kutoka mkono hadi mkono. Diski ya namna hiyo inaweza kuwa imepitia NTFS ya Windows, kisha LVM (zana ya Linux ya kuunganisha diski na kuzigawa upya), kisha RAID, kabla haijafika kwako.

Chanzo cha yote ni kile kinachofanyika hasa tunapofomati. Wengi huamini kwamba kufomati ni kufuta. Sivyo. Chukua diski ya terabaiti 2 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde: kuipitia yote mwanzo hadi mwisho kungechukua zaidi ya saa tatu. Amri ya mkfs, ile ya kufomati kwenye Linux, inamaliza kwa sekunde chache kwa sababu inaandika miundo michache tu ya mfumo mpya, kila mmoja mahali pake, na kuacha sehemu nyingine zote kama zilivyokuwa. Ni kama mpangaji mpya wa duka aliyetundika kibao chake mlango wa mbele bila kukibandua cha mpangaji wa awali kilichoko mlango wa nyuma.

Na hiyo milango iko mingi, kwa kuwa kila mfumo umejichagulia mahali pake pa kuweka alama. XFS huandika herufi XFSB kwenye baiti ya kwanza kabisa. Familia ya ext2, ext3 na ext4 huacha baiti 1024 za mwanzo kwa ajili ya programu ya kuwashia kompyuta, ndipo supabloku inapoanza, yaani bloku kuu yenye maelezo ya mfumo wote. Alama yake, namba EF53, inaangukia baiti ya 1080. Swapu, eneo la diski linalosaidia kumbukumbu ya RAM, huandika SWAPSPACE2 mwishoni mwa ukurasa wa kwanza wa kilobaiti 4. Picha ya ISO, nakala ya CD au DVD kama ile ya kusakinishia Ubuntu, ina CD001 kwenye baiti ya 32769. Btrfs iko mbali zaidi: supabloku yake inaanza kilobaiti 64 kutoka mwanzo, na nakala zake nyingine zinakaa kwenye megabaiti 64 na gigabaiti 256, diski ikiwa kubwa kiasi hicho. GPT, jedwali la patisheni la kisasa, lina nakala mbili, moja mwanzoni na nyingine kwenye sekta (kipande kidogo) ya mwisho ya diski. ZFS ndiyo iliyojihami kuliko zote: ina lebo nne za kilobaiti 256 kila moja, mbili mbele na mbili mwishoni, na ndani ya kila lebo kuna mfululizo mrefu wa mabloku, kila moja na alama yake.

Ukiyaona mahali hapo yote, unaelewa jinsi mabaki yanavyosalimika. Ukiandika ext4 juu ya diski iliyokuwa ya ZFS, miundo ya ext4 haina sababu ya kuangukia juu ya kila lebo ya ZFS.

Kazi ya kuzitambua alama hizi kwenye Linux inafanywa na maktaba iitwayo libblkid, iliyomo katika mkusanyiko wa zana wa util-linux. Ndiyo inayotegemewa na mount (ya kupachika diski, yaani kuifungua itumike), blkid (ya kutambua), fdisk (ya kugawa patisheni) na wipefs (ya kufuta alama), na udev, programu inayosimamia vifaa, nayo huitumia kila diski inapochomekwa. Maktaba hii ina orodha ya alama na mahali pake. Inasoma vipande vya diski, inalinganisha, kisha inatoa jibu.

Toleo la awali la maktaba hii, lililokuwa ndani ya e2fsprogs, zana za familia ya ext, lilipita kwenye orodha kwa mpangilio na kuridhika na jibu la kwanza lililofaa. Diski yenye alama mbili ilipata jina kutokana na nani katangulia kwenye orodha. Huo ndio msingi wa kosa: diski haina kumbukumbu ya mfumo upi ulikuja mwisho. Alama ya mwaka 2012 na ya leo asubuhi zina hadhi sawa mbele ya msomaji.

Marekebisho ya kwanza yaliyoleta tofauti, na kwangu mimi ndiyo muhimu kuliko yote, ni zana kukubali kusema kwamba jibu halieleweki. Siku hizi utambuzi wa kawaida hauishii kwenye alama ya kwanza. Unaendelea kutafuta, na ukikuta mifumo miwili isiyoweza kukaa pamoja, maktaba inarudisha jibu la utata. Amri ya blkid -p inamaliza kwa msimbo wa 8, na mount inakataa kukisia, inakutaka utaje aina ya mfumo kwa -t au ufute alama iliyozidi kwa wipefs. Watumiaji wengi huchukia ujumbe huo. Mimi nauona kuwa huruma: kupachika mfumo usio wenyewe na kuanza kuuandikia ni njia ya haraka ya kuharibu mfumo ulio wenyewe.

RAID ina mambo yake, na hapa inabidi kukaa kidogo. Fikiria diski mbili zinazonakiliana kwa RAID 1, na metadata ya RAID ikiwa imewekwa mwishoni mwa kila diski, kama yanavyofanya matoleo ya 0.90 na 1.0 ya RAID ya Linux. Ukiisoma diski moja peke yake, mbele unaona ext4 kamili na nyuma unaona alama ya RAID. Zote mbili ni za kweli! Zana ikichagua ext4 na kuipachika diski ile peke yake, nakala mbili zitaanza kutofautiana bila mtu kujua. Kwa hiyo libblkid ikikuta alama ya RAID inasimama hapo hapo, haiendelei kutafuta mfumo wa faili. Uamuzi huo ni sahihi kwa safu iliyo hai. Kwa safu iliyokufa, ndio huohuo unaofanya kipande cha metadata kilichosahaulika mkiani kiishinde ext4 yako mpya. Hakuna kanuni moja inayoweza kutofautisha hali hizo mbili kwa kuangalia alama peke yake, ndiyo sababu marekebisho yaliyofuata yalilenga kuuliza maswali zaidi kuhusu alama yenyewe.

Swali mojawapo ni hili: alama hii ni ya diski nzima au ya patisheni? Tuseme diski ambayo Linux imeiita sdb ina patisheni moja, sdb1, inayofika hadi karibu na mwisho. Metadata iliyo mkiani mwa sdb1 iko vilevile mkiani mwa sdb. Programu ikiikagua sdb nzima inaiona alama hiyo na kudhani ni yake. Metadata ya toleo la 0.90 ilisumbua sana hapa, kwa sababu mahali pake hukokotolewa kwa kurudi nyuma kutoka mwishoni hadi kwenye mpaka wa kilobaiti 64, na hesabu ya diski nzima na ya patisheni yake ya mwisho zinaweza kufikia sekta ileile. Dawa iliyowekwa ni kusoma jedwali la patisheni kwanza. Kama eneo lenye alama liko ndani ya patisheni fulani, na kinachokaguliwa ni diski nzima, alama hiyo inapuuzwa. ZFS nayo ilipewa dawa hiyohiyo kwa lebo zake mbili za mwishoni. Metadata ya RAID ya matoleo ya 1 ilijisaidia yenyewe zaidi, maana inaandika ndani yake namba ya sekta inapopaswa kuwa. Ikikutwa sekta nyingine, si halali.

Swali la pili ni kama muundo unaozunguka alama ni mzima. Baiti mbili kama zile za EF53 zinaweza kujitokeza popote kwa bahati. Mifumo mingi ya sasa huambatisha hesabu ya uhakiki kwenye supabloku, na libblkid huikokotoa upya. Isipolingana, alama haihesabiwi. Kwa ZFS sharti lilikuwa kukuta angalau mabloku manne yenye alama kabla ya kutamka kwamba hii ni ZFS.

Upande wa pili wa tiba uko kwenye zana zinazoandika. Programu ya mkfs.xfs hufuta kilobaiti 128 za mwanzo na za mwisho kabla ya kuandika chochote, ili swapu, ext na RAID ya zamani ziondoke kwa pamoja. Inakataa pia kufomati palipo na mfumo mwingine mpaka uiongezee -f ya kulazimisha. Programu ya mke2fs, inayofomati ext, husafisha kipande cha mwisho kwa sababu ileile ya RAID. Na fdisk, ukitengeneza patisheni mahali palipokuwa na ext4, inakuuliza kama uondoe alama hiyo. Usilijibu swali hilo kwa mazoea. Kwa desturi ya sasa patisheni ya kwanza huanza megabaiti 1 kutoka mwanzo, kwa hiyo patisheni mpya inatua palepale ilipoanza ya zamani, na mfumo uliodhani umeufuta kwa kubadilisha jedwali unafufuka ukiwa na lebo yake na namba yake ya utambulisho.

Megabaiti hiyo moja iliyo tupu mbele ya patisheni ndiyo inayoeleza kisa cha flashi ya Ubuntu. CD001 iko baiti ya 32769, yaani ndani ya eneo ambalo hakuna patisheni inayoligusa. Unaweza kufomati sdb1 mara kumi na bado sdb itaitwa iso9660.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu ukifuata mpangilio. Anza na lsblk -f, uhakikishe jina la diski, kwa sababu sdb ya jana inaweza kuwa sdc leo. Kisha endesha wipefs /dev/sdb bila nyongeza yoyote. Hapo haifuti kitu; inaorodhesha alama zote ilizozikuta na mahali zilipo, mfano 0x438 kwa ext4, 0x8001 kwa iso9660, 0x200 kwa GPT (ni namba za heksadesimali: 0x438 ndiyo ile 1080, na 0x8001 ndiyo ile 32769). Fanya hivyo pia kwa kila patisheni. Ukiridhika, futa patisheni kwanza kwa wipefs -a /dev/sdb1, halafu diski nzima kwa wipefs -a /dev/sdb. Ukianza na diski nzima, jedwali linaondoka na majina ya patisheni yanapotea, lakini alama zilizokuwa ndani yake zinabaki zikisubiri jedwali jipya lenye mipaka ileile. Ongeza --backup kama una shaka yoyote: kila kilichofutwa kinahifadhiwa kwenye faili dogo ndani ya folda yako ya nyumbani.

Ikisema kifaa kinatumika, usikimbilie kulazimisha. Mara nyingi udev imeiona alama ya RAID na kuanza kuiunganisha safu ya zamani bila kukuuliza; fungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha safu za RAID zilizopo, na huenda ukaikuta safu iitwayo md127 imekaa bila kazi, ikiwa imeishikilia diski yako. Isimamishe kwa mdadm --stop, kisha ondoa metadata kwa mdadm --zero-superblock. Kwa LVM, zima kundi la zamani kwa vgchange -an, liondoe kwa vgremove, ndipo utumie pvremove. Kwa diski iliyokuwa ya ZFS tarajia orodha ndefu ya mistari, kila mmoja ukitaja baiti 8 zilizofutwa, 0c b1 ba 00 na sifuri zinazofuata, ambazo ndizo alama ya ZFS.

Angalia pia kiasi kinachofutwa. Kwa ext4, wipefs inaondoa baiti mbili tu, 53 na ef, yaani ile EF53 ikiwa imeandikwa kuanzia nyuma. Mafaili yote bado yapo, na nakala za supabloku zimesambaa ndani ya patisheni. Kwenye mfumo wenye mabloku ya kilobaiti 4, ya kwanza iko bloku ya 32768, na e2fsck -b 32768 inatosha kuurudisha mfumo mzima. Hiyo ni nafuu kwa aliyefuta diski isiyo yenyewe, na ni hatari kwa anayeuza diski iliyokuwa na nyaraka za wateja au picha za familia. Kwa diski ya kuuza, ile ya HDD, yenye sahani zinazozunguka, iandikwe sifuri yote, hizo saa tatu na zaidi zipite, na ya SSD ifutwe kwa amri ya kufuta salama iliyojengwa ndani ya diski yenyewe.