Yanayosemwa nje ya uzio: dhana potofu kuhusu mtoto wa tenisi, na ukweli wake

Nilianza kuokota mipira nikiwa na miaka 9. Baba alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu moja ya Dar es Salaam, nami nikitoka shule nilimfuata huko. Nikacheza mashindano ya vijana mpaka nilipofika miaka 18, na leo ninafundisha watoto. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za ule uzio wa waya: ndani nikiwa mtoto anayetazamwa, nje nikiwa mtu mzima anayetazama. Yanayosemwa pale nje nimeyasikia miaka yote. Mengi si ya kweli, na anayeyalipia ni mtoto. Kila shule zikifungwa wazazi wapya huja na yaleyale, ndiyo maana nimeona niyaandike.

"Huu ni mchezo wa watoto wa kishua"

Naanza na hii kwa sababu nusu yake ni kweli, na dhana yenye nusu ya ukweli ni ngumu kuing'oa. Viwanja vingi vya tenisi huku kwetu vimo ndani ya klabu zenye ada, na klabu kadhaa zilianzishwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe. Mipira ikishatolewa kwenye kopo lake huanza kuchoka. Nyuzi za raketi hukatika. Yote hayo ni hela.

Lakini waulize makocha wa Dar, Arusha au Nairobi walianzaje. Wengi watakwambia: niliokota mipira. Mtoto wa mpishi, mtoto wa mlinzi, mtoto wa jirani aliyepenya kwenye tundu la uzio. Sisi tulicheza saa saba mchana, jua la utosi, wanachama wakiwa wamekwenda kula, kwa raketi iliyopasuka fremu ikafungwa kwa gundi na uzi wa kushonea viatu. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyezaliwa Januari 2004, alifiwa na mama akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake Loresho, Nairobi. Julai 2022 alitwaa kombe la wasichana la wawili-wawili pale Wimbledon, Mkenya wa kwanza kupata taji la ngazi yoyote la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi: Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open.

Ukweli ni kwamba kuanza si ghali kama watu wanavyodhani. Ghali ni kuendelea. Mtoto akifika miaka 13 anaruhusiwa kuingia mashindano ya vijana ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Pointi za kupanda chati hukusanywa nchi baada ya nchi, na mashindano hayo hayana zawadi ya fedha. Nauli, malazi, chakula, kocha wa kusafiri naye: hapo ndipo vipaji vya kwetu vinapokwama. Inaniuma kuona mzazi anakata tamaa getini, mtoto ana miaka 7, kwa gharama ambayo ingemfikia miaka sita baadaye, kama ingemfikia.

"Asipoanza na miaka 4, na asipoacha michezo mingine yote, kachelewa"

Jannik Sinner, bingwa wa Australian Open wa 2024, alikulia milimani kaskazini mwa Italia akishindana kuteleza kwenye theluji. Alipofika miaka 13 ndipo alipoiacha theluji akaishika tenisi peke yake. Bingwa Roger Federer alicheza mpira wa miguu utotoni, bingwa mwenzake Rafael Nadal vilevile. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2016, kinashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja mpaka afike miaka 15 au 16 hivi. Mtoto anayekimbiza mpira wa makaratasi mtaani, anayeruka kamba na kucheza rede, anajifunza kukwepa, kugeuka na kupima umbali. Akija kwangu anacho tayari kitu ambacho mimi ningehangaika nacho mwaka mzima.

Na hapo nigusie mipira ya rangi, ile ya polepole ya kuanzia watoto, maana wazazi huichukia. Baba mmoja alinijia kwa hasira: "Kocha, mwanangu nimemleta acheze tenisi, sikumleta achezee vitu vya chekechea." Mtoto ana miaka 7, kashika raketi ya baba yake ya inchi 27, anaibeba kwa mikono miwili kama anatwanga. Mpira wa njano wa kawaida ukidunda kwake unampita juu ya kichwa. Anafanya nini? Anarudi nyuma mpaka kwenye uzio, anausubiri ushuke. Hiyo si tenisi. Mpira mwekundu una kasi ndogo kwa asilimia 75 kuliko ule wa njano, wa chungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25, na uwanja nao hufupishwa. Toka 2012 kanuni za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yachezwe kwa mipira hiyo ya polepole. Yule mtoto nilimpa raketi ya inchi 21 na mpira mwekundu. Ndani ya nusu saa alikuwa anarudishiana na mwenzake, anahesabu kwa sauti, saba, nane, tisa, na baba yake kanyamaza pale nje.

"Siri ni mazoezi, mazoezi, mazoezi"

Mfupa wa mtoto unakulia kwenye ncha zake, na pale kwenye ncha bado ni laini. Sevu moja, lile pigo la kuanzisha pointi, haina madhara. Sevu mia mbili kila siku, mgongo ukipinda na bega likizunguka vilevile kila mara, ni jambo lingine. Daktari Neeru Jayanthi na wenzake wa Chicago waliwachunguza vijana wanamichezo zaidi ya 1,000, wakachapisha matokeo 2015. Waliona kwamba mtoto anayefanya mazoezi ya kupangwa kwa saa nyingi kwa wiki kuliko umri wake, tuseme ana miaka 10 na anafanya saa 14, yuko kwenye hatari zaidi ya majeraha mabaya yatokanayo na kutumika kupita kiasi. Hesabu hii ni rahisi, mzazi yeyote anaweza kuifanya. Mwongozo ule wa madaktari wa watoto unaongeza kwamba mtoto apate siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wake.

Mtoto akisema goti linauma chini kidogo ya kilegesambwa, au kisigino, au mgongo kila anaposevu, usimwambie ajikaze. Mpeleke akaonwe. Mimi niliambiwa nijikaze.

"Anayewapiga wote akiwa na miaka 12 ndiye bingwa wa kesho"

Kwenye miaka 12 mara nyingi anayeshinda ni aliyebalehe mapema, au aliyejua kupandisha mipira juu mpaka mwenzake achoke. Mwaka mmoja baadaye wenzake wamerefuka, mipira ile ya juu wanaipigilia chini, na yeye hana kingine alichojifunza kwa sababu alikuwa anashinda.

Turudi kwenye ile fainali ya Wimbledon. Okutoyi na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walipambana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na badala ya seti ya tatu mshindi akaamuliwa kwa mchezo mfupi wa pointi, 11-9. Pointi mbili tu. Okutoyi alikwenda kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya wanawake mmoja-mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Mboko, ambaye wazazi wake walihamia ughaibuni kutoka Kongo, alikuwa na miaka 15 siku ile alipotoka uwanjani ameshindwa. Agosti 2025, kabla hajafikisha 19, alimfunga Naomi Osaka, aliyewahi kuwa namba moja duniani, kwenye fainali ya Montreal akawa bingwa wa Canadian Open ya wakubwa. Nani angethubutu kuwapangia maisha wale wasichana wanne kwa matokeo ya siku ile?

Na hata aliye bora kweli mapema anahitaji kulindwa. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia tenisi ya kulipwa 1990 akiwa na miaka 13, mwaka huohuo akafika nusu fainali ya French Open, 1992 akachukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona. Mwishoni mwa 1993 alikuwa ameondoka mchezoni, amechoka akiwa na miaka 17. Yaliyomkuta ni miongoni mwa sababu za WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, kuweka masharti ya umri yaliyoanza kutumika 1995. Alirudi, akashinda Australian Open 2001, lakini miaka ile katikati hakuna aliyemrudishia.

"Michezo ni ya walioshindwa darasani", na pacha wake, "akijua tenisi, skolashipu ya Marekani ipo tu"

Hizi mbili hupingana, lakini nimezisikia kwa mzazi mmoja ndani ya wiki moja. Ya kwanza inavunjwa na ya pili: vyuo vya Marekani huangalia alama za darasani kabla hawajaangalia sevu yako, na nimewaona vijana wazuri uwanjani wakikwama kwa cheti cha kidato cha nne. Ya pili nayo ina mipaka. Mpaka msimu wa 2024/25 timu ya wanaume ya tenisi kwenye daraja la kwanza la vyuo iliruhusiwa skolashipu 4.5, tena zikigawanywa kwa wachezaji wote. Ya wanawake 8. Kanuni zimebadilika toka hapo, ila nafasi ni chache bado na dunia nzima inazigombea. Mtoto asome. Skolashipu ikija, ije imkute anasoma.

Kuhusu binti kwamba "atajaa misuli, hataolewa": wasichana wangu wameolewa, na mmoja anafundisha watoto wake mwenyewe. Tuendelee.

"Akiacha, hela zote zimepotea"

Ashleigh Barty wa Australia alichukua Wimbledon ya vijana 2011 akiwa na miaka 15. Mwaka 2014 aliacha tenisi, akaenda kucheza kriketi. Hakuna aliyemfunga kamba. Alirudi 2016 kwa hiari yake, 2021 akachukua Wimbledon ya wakubwa. Wengi wakiacha hawarudi, na hilo nalo ni sawa. Mtoto wa miaka 14 anayesema amechoka, mara nyingi ametafuta maneno ya kulisema kwa miezi. Msikilize siku hiyohiyo.

"Mzazi akisimama karibu, mtoto anapata nguvu"

Hii ndiyo inayonigusa kuliko zote, na ndiyo wazazi wengi wema huiamini. Wanakuja kwa upendo. Wanashika waya kwa vidole. Kila pointi mtoto anageuza shingo kuangalia uso ule, kama umekunjamana au umekunjuka, kabla hajafikiri mpira unaofuata.

Juni 2024, akizungumza na wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Federer alisema kwamba katika mechi zake 1,526 za mmoja-mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alishinda asilimia 54 tu. Yaani bingwa yule alipoteza karibu nusu ya pointi zote alizowahi kucheza. Sasa mtoto wa miaka 11 anayeona uso wa mama yake ukidondoka kila pointi anayopoteza, atabeba uso huo mara ngapi kwa mechi moja?

Kwenye mashindano ya vijana, viwanja vingi havina mwamuzi. Watoto wenyewe ndio wanaosema mpira uko ndani au nje, kila mmoja upande wake. Kanuni ni fupi: mpira ukigusa mstari, hata kwa unywele, uko ndani, na kama huna hakika, pointi ni ya mwenzako. Ni mzigo mkubwa kumpa mtoto, na wengi huubeba vizuri ajabu wakiachwa wenyewe.

Mimi siku moja sikuubeba. Nilikuwa na miaka 13, seti ya tatu, uwanja wa udongo uleule aliokuwa akiutunza baba. Baba mdogo alikuja na rafiki zake wawili kunitazama, wamejipanga nje ya uzio, ameshawaambia mimi ni nani. Mpinzani wangu alipiga mpira mrefu kwenye kona yangu ya kushoto. Niliuona ukitua. Vumbi jeupe la chokaa liliruka. Nikainua kidole: nje. Yule kijana alikuja mpaka kwenye neti, akaniangalia, akarudi mahali pake bila neno. Nilishinda ile mechi, na baba mdogo akaninunulia chipsi mayai.

Kesho yake alfajiri baba alikuwa anapaka mistari upya, ndoo ya chokaa mkono mmoja, brashi mkono wa pili, nami namshikia kamba ya kunyooshea. Alipofika kwenye ile kona alisimama. Alama ilikuwepo, ya duara, nusu yake juu ya mstari, chokaa imechunika. Aliitazama kwa muda. Kisha akachuchumaa, akaipaka, akaniambia nivute kamba.