Kilele Huamuliwa Ziwani

Mtu akipanga safari ya siku moja kwenda ziwa la mlimani na kilele kilicho juu yake, akili yote huwa kwenye kilele. Ziwa hulihesabu kuwa kituo cha kula na kupiga picha. Sisi tunaoshughulikia afya na usalama wa wapanda milima tunaliona tofauti: ziwani ndipo mahali pa mwisho ambapo kugeuka ni jambo jepesi. Njia ya kurudi unaijua, miguu bado ina nguvu, na hakuna cha kuonea uchungu. Ukishapanda nusu ya mteremko wa mawe ulio nyuma ya maji, moyo unakataa kupoteza jasho lile.

Tena mahali penyewe panadanganya. Maziwa mengi ya juu yamekaa kwenye mabonde yaliyochimbwa na barafu zamani, yenye kuta za mwamba pande tatu. Hakuna mti wala nyumba ya kukupa kipimo, na hewa ni safi mno, hivyo kilele kinaonekana kiko hapo tu. Ukuta huohuo unakuficha mawingu yanayojikusanya upande wa pili. (Ile rangi ya feruzi yenye weupe kidogo, inayowafanya watu wakae kuliko walivyopanga, hutokana na unga wa mawe yaliyosagwa na barafu na kuelea majini.)

Basi hesabu ifanywe kabla ya kufunga mkoba. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme ziwa liko kilomita 8 kutoka mwanzo wa njia na mita 800 juu yake, kisha kilele kiko kilomita 2 mbele na mita 400 zaidi. Kanuni inatoa karibu saa 3 hadi ziwani, saa 1 na dakika chache hadi kileleni, na saa 2 za kushuka. Jumla ni kama saa 6, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hesabu hiyo ni ya mtu mwenye pumzi nzuri asiyepumzika hata mara moja. Haijui mawe yanayoteleza, wala hewa nyepesi, wala mwenzenu mwenye lengelenge kisiginoni. Kwa kundi la kawaida ningeandika saa 9 au 10, na kipande cha mwisho cha kilomita 2 ningekizidisha mara mbili bila kusita.

Ndiyo maana safari huanza gizani. Katika safu nyingi za milima, msimu wa joto, jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na ifikapo mchana mawingu meupe ya asubuhi yameshageuka minara ya radi. Ukiondoka saa 11 alfajiri unaweza kuwa ziwani saa 3 au 3 na nusu asubuhi, na ukawa umeanza kushuka kutoka kileleni kabla ya saa 7 mchana. Ukifika ziwani saa 6, kilele cha siku hiyo kimeshapita. Ngurumo nazo zina kipimo: kila sekunde 3 kati ya mmweko na mlio ni kilomita 1 hivi. Zikiwa 30 au pungufu, ondoka kwenye mgongo wa mlima mara moja, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kisha utazame mwili. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kinauma, chakula hakipendezi, kichefuchefu. Mara nyingi dalili huchelewa kwa saa kadhaa, na msafiri wa siku moja huenda akazipata akiwa anashuka. Zikikukuta ziwani wakati wa kupanda, usizipeleke juu zaidi. Mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, ashushwe papo hapo, na asishuke peke yake.

Baridi ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, na wewe umefika umelowa jasho. Vaa koti kabla hujaketi. Ukisubiri hadi utetemeke umechelewa. Fulana ya pamba iliyolowa badilisha. Kuogelea? Ninaelewa tamaa yake, lakini maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi ghafla bila hiari, na dakika za kwanza ndizo huzamisha hata waogeleaji hodari. Kama lazima, ingia polepole, ubaki pale miguu inapogusa chini. Na maji ya kunywa yatibiwe hata yakiwa maangavu: juu ya mita 2,000 yachemke dakika 3, kwa sababu huko huchemka kwenye joto dogo zaidi.

Saa ya kugeuka iamuliwe nyumbani, itajwe mbele ya kundi zima, na isijadiliwe upya mlimani. Kushuka kunadai magoti na umakini wakati vyote viwili vimechoka, hivyo bakiza chakula na maji kwa ajili yake. Tochi ya kichwani ibebwe hata kama mnatarajia kurudi mchana. Mwachie mtu ramani ya njia yenu na saa ambayo, msipopiga simu, ataita waokoaji. Mkikwama mahali pasipo mtandao, ishara ya milimani ni milio au miale 6 ndani ya dakika 1, kimya dakika 1, kisha tena. Aliyesikia hujibu kwa 3. Hata mkishajibiwa, endeleeni kutoa ishara hadi wawafikie, maana wanaitumia kutafuta mlipo.