Je, wajua kwa nini silaha yenye namba kubwa haifupishi mawindo?

Mimi na binamu yangu tulikuwa chumbani kwake Mkomani, Lamu, madirisha wazi ili upepo wa bahari uingie, tukicheza Monster Hunter: World kwa zamu. Mnyama alikuwa mmoja, Rathalos, yule wa kuruka na kutema moto. Silaha ilikuwa moja, Great Sword, ule upanga mkubwa unaobebwa mgongoni. Upanga wangu ulisoma 1003, wake 960. Yeye alimaliza kwa dakika 14, mimi nikachukua 26. Nikamwambia lazima kuna kitu amekificha. Akanijibu kwa swali: "Ndugu yangu, wapiga wapi?"

Kwa asiyeijua, gemu hii hutengenezwa na Capcom ya Japani. Ya kwanza ilitoka 2004, na World ilitoka 2018. Kazi ni kuwinda majitu, kuyachuna na kujitengenezea silaha na mavazi, kwa kawaida ndani ya dakika 50 kila windo. Mwindaji mwenyewe hapandi nguvu kwa kucheza sana: cheo chake humfungulia tu mawindo mapya. Nguvu yote imo katika zana alizovaa na ujuzi uliofungwa ndani yake, na mpangilio huo ndio wachezaji huuita bildi.

Kosa langu lilianzia kwenye namba yenyewe. Nilidhani 1003 ni nguvu ya upanga, kumbe World huikuza namba hiyo kwa kila aina ya silaha. Ya Great Sword huzidishwa mara 4.8, ya Dual Blades, yaani zile panga mbili fupi, mara 1.4 tu. Kwa hiyo Great Sword inayosoma 960 na Dual Blades zinazosoma 280 zote zina nguvu halisi ya 200. Nilipoweka ujuzi wa Attack Boost ngazi ya tatu, upanga ukapanda kutoka 960 hadi 1003, nikafurahi kama aliyepata hazina. Nyongeza halisi ilikuwa 9. Monster Hunter Rise ya 2021 huonyesha nguvu halisi bila kuikuza, na naona hilo ni jambo la heri kwa kila anayeanza.

Lakini hata tukiielewa namba, bado swali la binamu limebaki, na hapo ndipo penye utamu.

Madhara ya pigo hayajumlishwi, huzidishwa. Nguvu halisi ya silaha huzidishwa kwa uzito wa pigo lenyewe, kisha kwa makali, kisha kwa ulaini wa sehemu ya mnyama uliyoipiga. Nilikuja kulielewa jambo hili vizuri zaidi nilipokaa barazani kwa fundi wa milango ya nakshi, siku aliyokuwa akichonga ubao wa mbambakofi. Nilimuuliza kwa nini hatumii nyundo nzito zaidi amalize mapema. "Mwanangu," akasema, "nyundo haijui inapokwenda. Patasi ndiyo ijuayo." Akanionyesha: alipofuata nyuzi za mti, kugonga kidogo tu kulitoa kibanzi kirefu kilichojikunja. Alipofika kwenye kifundo, nyundo ileile na patasi ileile zilitoa vumbi.

Sasa weka namba. Chukua nguvu halisi 200, pigo la uzito wa kawaida, makali ya rangi ya buluu, ambayo huzidisha kwa 1.2, na mguu unaopokea asilimia 30 ya pigo. Jibu ni 72. Ongeza ile 9 niliyoisherehekea: 75. Rudi kwenye 200, noa hadi makali meupe, yanayozidisha kwa 1.32: 79. Rudi tena kwenye makali ya buluu, ila hama kutoka mguuni hadi sehemu inayopokea asilimia 60: 144. Nyundo imeongeza 3, patasi imeongeza 7, kufuata nyuzi kumeongeza 72. Kichwa cha Rathalos ni laini kuliko miguu yake, nami usiku kucha nilikuwa miguuni kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu.

Hapa ndipo bildi inapoanza kuwa na maana. Kuna kitu kiitwacho afiniti, yaani uwezekano wa pigo kuumiza zaidi kwa asilimia 25. Afiniti ikiwa hasi, kama ilivyo kwenye silaha nyingi zitokanazo na mnyama aitwaye Diablos, baadhi ya mapigo hupungua kwa asilimia 25 vilevile. Ujuzi wa Weakness Exploit ngazi ya tatu, katika World ya awali, uliongeza afiniti 50. Yaani nusu ya mapigo yanaongezeka robo, wastani wa asilimia 12.5, dhidi ya asilimia 4.5 ya ile 9 yangu. Sharti lake ni kwamba sehemu uliyopiga iwe inapokea asilimia 45 au zaidi. Binamu alikuwa nao, nami ningeuazima usiku ule usingenisaidia chochote, maana mguu wa asilimia 30 haufikii sharti.

Tahadhari mbili. Namba hizi za Weakness Exploit hazidumu kutoka toleo hadi toleo: nyongeza ya Iceborne ya 2019 iliishusha hadi 30, na 50 ikabaki kwa sehemu laini iliyokwisha kujeruhiwa. Pili, dakika za windo moja ni ushahidi mwembamba sana. Afya ya mnyama hutofautiana kidogo, mara anaruka, mara anahamia bonde jingine, na muda wa kumfukuza nao unahesabiwa. Na kwa kuwa mnyama hatulii, ujuzi wa Focus, usioongeza hata nukta moja ya nguvu, wapendwa sana na wenye Great Sword: ngazi ya tatu hupunguza muda wa kukusanya pigo, yaani kuushikilia upanga ili utue kwa nguvu zaidi, kwa asilimia 20, ukawahi kabla kichwa hakijageuka.

Ukitaka kujipima, usitazame saa. Tazama rangi za namba zinazoruka kila upanga unapotua. Zilizotua pagumu ni nyeupe, zilizotua palaini ni za rangi ya chungwa. Binamu alinirudishia rimoti, akakaa kando yangu, na kila nilipokimbilia mguuni akawa ananigusa bega: "Nyeupe hiyo. Ngoja ateremshe kichwa."