"Mafuta ni mafuta tu" na uongo mwingine unaoua cherehani za zamani

Nimechoka jamani. Mtu analeta Singer nyeusi ya bibi yake, ile ya kukanyaga yenye maua ya dhahabu, chuma cha Clydebank kule Scotland, gurudumu halizunguki hata nusu, nikimuuliza ulitia mafuta gani ananijibu bila wasiwasi, "ya kupikia fundi, si mafuta ni mafuta tu".

Sio mafuta tu! Ya alizeti, ya pamba, ya soya, yote yakikaa na hewa yanabadilika, yananata halafu yanakauka. Ile rangi ya kahawia pembeni ya kikaango isiyotoka hata kwa stiliwaya ndiyo hiyo hiyo iliyoko ndani ya cherehani yako sasa hivi. Na kinachowadanganya watu ni kwamba siku ya kwanza mashine inakwenda laini kabisa, shida inakuja baadaye, unaifunika miezi kadhaa, ukirudi imekuwa jiwe. Wa mafuta ya nazi nao wasijifiche, ni kweli hayakauki upesi lakini chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, sasa asubuhi ya mwezi wa saba uko Njombe utaanza kuipasha cherehani jikoni?

Mafuta ya cherehani yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, ni mepesi, meupe kama maji, hayageuki gundi. Nunua kachupa, basi.

Kama imeshashikana usilazimishe gurudumu wala usiguse nyundo. Toa bobini, tia mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila sehemu chuma kinaposuguana na chuma, iache ilale, kesho yake zungusha kwa mkono taratibu mbele na nyuma, utaona uji wa kahawia unatoka kwenye ule mti wa sindano, yaani fimbo inayoshika sindano, futa, rudia hata siku tatu. Ukitaka kuilainisha kwa draya ya saluni fanya hivyo KABLA ya mafuta ya taa, sio baada, sitaki kusikia habari za moto. Halafu wengi wanaishia hapo kwa sababu imezunguka! Mafuta ya taa yanasafisha tu, yakishakauka chuma kinasagana kikavu, lazima umalizie na mafuta ya cherehani yenyewe. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, ni hadithi hiyo hiyo.

Oili chafu ya gari ndio kabisaa, ina masizi na chembe za chuma, unaisaga mashine mwenyewe. Oili mpya nayo ni nzito, unakanyaga mpaka magoti yanauma.

Eti ukimwaga mengi ndio vizuri. Tone moja kila tundu, kisha shonea kitambaa kibovu kwanza, au uje umweleze bibi harusi lile doa. Anayeshona kutwa atie kila siku, vitabu vya Singer vyenyewe vilisema hivyo.

Mashine ikiruka nyuzi wakati wa kushona mtu anaongeza mafuta, mafuta yanahusiana nini hapo? Angalia sindano, labda imepinda au umeiweka kinyume. Upande bapa unaangalia kule inakozunguka ndoano ya bobini, uzi unaingilia upande wenye mfereji mrefu.

Ah na spiriti kwenye yale maua ya dhahabu, acheni. Vanishi yake ya zamani inayeyuka, unabaki na chuma cheusi kitupu.

Mkanda wa ngozi ukiteleza usiupake chochote, ukate kidogo ufunge upya. Mafuta yapeleke huko chini kwenye pedali na kwenye ekseli ya gurudumu kubwa, maana watu wanahudumia kichwa tu halafu wananiambia cherehani nzito.