Je, wajua kwa nini treni ya mfano hukwama kwenye reli inayoonekana safi?

Treni ndogo ya mezani inaweza kuzunguka jioni nzima bila shida, kisha kesho yake ikaanza kushtuka, taa zikapepesa, ikasimama. Ukiisukuma kidogo kwa kidole, inaondoka. Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Shida iko pale gurudumu linapogusa reli.

Reli mbili za treni hizi ndizo nyaya zake. Umeme hupanda kwa magurudumu ya upande mmoja, hupita kwenye mota, kisha hurudi kwa magurudumu ya upande wa pili. Kwa hiyo mguso ukikatika hata kidogo, mota inakosa umeme.

Hapo ndipo uzito unapoingia, na kwangu hili ndilo jambo tamu kuliko yote. Chukua kipimo cha HO, ambamo kila kitu hupunguzwa mara 87. Garratt za daraja la 59, vichwa vya treni vya mvuke vilivyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, vilikuwa na tani 250 hivi. Mfano wake wa HO unapungua mara 87 kwa urefu, mara 87 kwa upana na mara 87 kwa kimo, kwa hiyo uzito hugawanywa kwa zaidi ya 658,000. Tani 250 zinabaki gramu 380. Watengenezaji huongeza vipande vya chuma ndani, lakini bado ni kichwa chepesi mno. Uchafu ambao Garratt halisi ingeusaga bila kuhisi, huu mdogo unapanda juu yake, na umeme unakatika.

Uchafu wenyewe hautokani na vumbi tu. Kila mguso unapokatika, cheche ndogo huruka na kuunguza uso wa reli, na kuacha oksaidi. Oksaidi hiyo huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyozidi kwenye gia, ikawa ule weusi unaouona kwenye magurudumu. Uchafu huzaa cheche, cheche huzaa uchafu.

Usikimbilie msasa. Unang'arisha reli kweli, lakini unaacha mikwaruzo ambamo uchafu mpya hujificha. Wengi husafisha kwa spiriti ya isopropili. Miaka ya karibuni, wapenzi wengi wa treni za mfano nchini Marekani wamehamia kwenye vimiminika visivyo na ncha za umeme katika molekuli zake, yakiwemo mafuta ya taa, wakiamini kwamba mabaki yake hayachochei cheche kama yale ya spiriti. Hoja hiyo bado inabishaniwa, ila mimi naiona ina mashiko. Chochote utakachotumia, zima umeme, fungua madirisha, futa kwa kitambaa mpaka reli ikauke. Thina ya rangi iache kabisa, maana huyeyusha plastiki.

Magurudumu nayo yasisahaulike. Tandika kitambaa chenye unyevu kidogo wa spiriti juu ya reli, weka magurudumu ya mbele juu yake na ya nyuma kwenye reli tupu, kisha washa umeme huku umekishika kichwa. Ya mbele yatajisugua yenyewe. Ukimaliza, geuza.

Ikikwama daima mahali pamoja, chunguza nyaya. Vile vibati vinavyounganisha vipande vya reli hulegea, kwa hiyo kila kipande kipewe waya wake uliotiwa lehemu. Kwenye mfumo wa kidijitali, ambamo amri hufika kwa kila kichwa kupitia reli, laza sarafu ikigusa reli zote mbili, sehemu mbalimbali za njia. Mitambo ikikata umeme papo hapo, nyaya zinatosha. Isipokata, zima haraka na uongeze nyaya hapo.

Penye pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zamani ilibidi kuchagua kati ya kitovu (pale reli zinapokatana) cha plastiki kisicho na umeme na cha chuma kinachodai nyaya za ziada. Peco, watengenezaji wa reli za mfano, wamekuja na pointi ya Unifrog, yenye kitovu kifupi cha chuma na waya wake tayari, uuunganishe au uuache.

Kisha kuna akiba ya umeme: kapasita zinazowekwa ndani ya kichwa, kama PowerPack ya ESU au CurrentKeeper ya SoundTraxx. Hujaa chaji treni inapotembea, na mguso ukikatika huilisha mota na sauti mpaka mguso urudi. Wanaojitengenezea huunganisha superkapasita sita kwa mfululizo, kwa kuwa kila moja huhimili takriban volti 2.7 tu. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuiua dikoda, kile kisahani cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri za kidijitali.

Lakini safisha kwanza, kapasita baadaye. Na kama dikoda yako inaruhusu, punguza muda wa akiba hadi nusu sekunde hivi. Kichwa chenye akiba kubwa huendelea kutembea hata baada ya umeme wa reli kuzimwa, na reli inaweza kuishia ukingoni mwa meza.