Leseni mkononi, notisi mlangoni: kabla ya kuigeuza nyumba ya makazi kuwa ya biashara

Malalamiko mengi yanayofika meza ya mipango miji yana sura moja. Mtu amenunua au amerithi nyumba katika mtaa wa zamani. Ametoboa ukuta wa mbele, ameweka mlango wa chuma, amekata leseni, ameajiri wasaidizi. Muda si mrefu anabandikiwa notisi ya kusitisha. Anakuja na leseni yake na risiti za kodi, akiuliza kosa lake ni lipi.

Leseni inamtambua mfanyabiashara. Kiwanja kitumike kwa nini ni suala la mpango wa eneo pamoja na masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Ni ruhusa mbili, na aliye na moja bado hana ya pili. Kwamba mara nyingine ada ya leseni hupokelewa bila mwombaji kuulizwa matumizi ya kiwanja ni udhaifu wa kweli upande wa taasisi, na ni haki ya wananchi kuulalamikia. Hata hivyo udhaifu huo haugeuzi kiwanja cha makazi kuwa cha biashara.

Hoja inayofuata huwa ni hii: mbona jirani ana duka? Tunaisikia kila wiki, na ingefaa ieleweke sasa. Mitaa mingi ya zamani ilijengwa kabla ya ramani zinazogawa mji kwa matumizi. New York, kwa mfano, ilipitisha kanuni za kugawa mji mzima mwaka 1916, na uhalali wa kanuni za aina hiyo ulithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1926 katika shauri la kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio. Duka lililokuwepo kabla ya ramani kwa kawaida huachwa liendelee. Haki hiyo imefungamana na jengo lile na matumizi yale. Haihamii kiwanja cha pili, mara nyingi hairuhusu kupanua, na biashara ikisimama kwa muda mrefu haki yenyewe hufa. New York kwa muda mrefu kipimo kilikuwa miaka 2 mfululizo. Kwa hiyo duka la jirani linaweza kuwa na haki ya zamani, au kibali cha muda, au halina chochote na jalada lake liko njiani. Kulitazama kutoka barabarani hakutakwambia ni lipi kati ya hayo, na mwenendo wa jalada la mwenzako si jambo la kujadiliwa nawe dirishani.

Kwa nini tunashikilia sana mitaa ya zamani? Chini ya nyumba hizo kuna mabomba yaliyolazwa kwa ajili ya kaya. Familia moja inapika mara chache kwa siku. Mgahawa unamwaga maji yenye mafuta tangu asubuhi hadi usiku. Mafuta hayo hupoa, huganda ndani ya bomba, na majitaka hurudi juu kwenye chemba ya nyumba iliyo bondeni, ambayo haiuzi hata kikombe cha chai. Nyumba nyingine zinashirikiana ukuta, hivyo mtetemo wa mashine upande mmoja unalala kitandani upande wa pili, na moto hauulizi mpaka. Halafu kuna upana wa njia. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka njia ya gari la zimamoto iwe na walau mita 3.7 kati ya kingo. Pima uchochoro wako, kisha toa upana wa gari la mzigo litakaloegeshwa hapo likishusha bidhaa. Kinachobaki ndicho tunachokiangalia tunapokagua, kuliko uzuri wa rangi za mbele.

Si kila biashara inahitaji kubadilisha matumizi. Mhasibu anayefanya kazi chumbani kwake, bila bango wala foleni ya wateja, kwa kawaida hatusumbui. Japani, hata kwenye ukanda mkali kuliko yote wa nyumba fupi za makazi, sheria inaruhusu aina fulani za duka dogo au ofisi ndani ya nyumba ya kuishi, mradi sehemu hiyo isizidi meta za mraba 50 na isifikie nusu ya nyumba. England, kuanzia Septemba 2020, iliweka maduka, migahawa, ofisi na zahanati katika kundi moja, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya kundi hilo hakuhesabiwi kuwa mabadiliko ya matumizi. Wengi wamelichukua hilo kama ruhusa ya kugeuza nyumba kuwa duka. Nyumba ya kuishi haimo kwenye kundi hilo.

Tofautisha pia maombi mawili. Kuomba kibali cha kubadilisha matumizi ya kiwanja chako ni jambo moja. Kuomba ramani yenyewe ibadilishwe, ukanda wa makazi uwe wa biashara, ni jambo zito linalopitia baraza na mara nyingi kukataliwa linapohusu kiwanja kimoja katikati ya mtaa. Anayeandika la pili wakati alihitaji la kwanza anapoteza miezi.

Maombi yenyewe. Anza na hati: soma masharti yote, hasa yale ya kurasa za nyuma ambayo watu huyaruka. Chukua nakala ya ramani ya mpango wa eneo iliyothibitishwa. Kama wewe ni mpangaji, ambatanisha ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama nyumba imewekwa rehani, ridhaa ya mkopeshaji. Kama ni ya warithi, saini za wote, si ya kaka mkubwa peke yake. Michoro iwe ya hali ilivyo na ya hali itakavyokuwa, yenye vipimo. Maelezo yataje saa za kazi, idadi ya wafanyakazi, magari ya mzigo, takataka zitakakowekwa na majitaka yatakakokwenda. Tangazo la maombi libandikwe linaposomeka kutoka barabarani na libaki muda wote uliowekwa; Uingereza ni siku 21. Lipige picha siku ya kwanza, maana linaweza kuondoka usiku na wewe ndiye utakayeulizwa.

Pingamizi la jirani hupimwa kwa athari: kelele, moshi, maegesho, maji. Anayesema utamnyang'anya wateja hatasikilizwa kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo barua za majirani ishirini wanaokuunga mkono hazifuti tatizo la bomba.

Ukianza bila kibali, mlolongo ni huu: ukaguzi, notisi, muda wa kutekeleza, kisha mashtaka. Uingereza, notisi ya utekelezaji haianzi kufanya kazi kabla ya siku 28 tangu ukabidhiwe, na rufaa lazima iwasilishwe kabla ya tarehe hiyo. Ikifika, mlango wa rufaa umefungwa, hata kama ulikuwa safarini. Kutotii notisi muda wa kutekeleza ukiisha ni kosa la jinai, na mwenye nyumba anaweza kushtakiwa hata kama anayefanya biashara ni mpangaji. Mamlaka inaweza kutekeleza yenyewe na kudai gharama. Maombi ya baada ya kuanza yanapokelewa, ila kuyawasilisha pekee si kinga. Na wanaotegemea muda upite mpaka mamlaka isiweze tena kuchukua hatua wajue kwamba kwa England muda huo ni miaka 10.

Kosa ghali kuliko yote hutokea kabla ya ofisi yoyote kuhusishwa: kulipa kodi ya pango ya mwaka mzima kwa nyumba ambayo kibali chake hakijaombwa. Weka kwenye mkataba kifungu kwamba pango linaanza kuhesabiwa kibali kikitoka, na kwamba amana itarejeshwa kikikataliwa. Kisha njoo ofisini na nakala ya hati, mchoro wa mkono wa sehemu ya mbele na kipimo cha upana wa njia. Mazungumzo ya awali hayahitaji mchoro wa mhandisi.