Kava ni nini? Mtu wa chuma na sauti zake za kuazima

Mwezi wa saba, Tukuyu imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, mama yuko jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, akaweka spika yake ndogo dirishani akafungulia wimbo. Mwanaume anaimba kwa sauti iliyokwaruza, inapanda, inakatika, na nyuma yake tarumbeta na kinanda vinakwenda taratibu. Mama hajui Kiingereza. Aliushika ungo bila kuutikisa, akasikiliza ubeti mzima, kisha akauliza, "Huyu kaka kafiwa na nani?"

Kijana akacheka. "Bibi, huo ni wimbo wa hevi metali."

Wote wawili walikuwa sahihi. Wimbo unaitwa Changes, na ulitoka mwaka 1972 katika albamu ya nne ya Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyouzaa muziki wa hevi metali, yaani "chuma kizito", roki ya magitaa mazito. Maneno yake yalitokana na ndoa ya mpiga ngoma wao, Bill Ward, iliyokuwa ikivunjika wakati huo. Lakini sauti iliyomsimamisha mama ilikuwa ya Charles Bradley, Mmarekani mweusi aliyeimba souli, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, na Changes ndilo jina la albamu yake ya mwaka 2016. Bradley mwenyewe alieleza kwamba akiuimba wimbo huo humfikiria mama yake aliyefariki. Maneno ni karibu yale yale. Wimbo wa talaka umegeuka wimbo wa msiba, na mtu asiyejua hata neno moja ameutambua msiba huo akiwa Tukuyu.

Hicho alichokifanya Bradley ndicho kinachoitwa kava: wimbo uliokwisha kutungwa na kurekodiwa na mtu mmoja, kisha mwingine akauimba au kuupiga upya kwa sauti yake na vyombo vyake. Neno limetoka kwenye Kiingereza na asili yake ni kufunika. Kwetu mtaani "kufunika" ni kumzidi mwenzako mpaka asionekane, na bahati nzuri maana hiyo nayo inaingia humu, kwa sababu kuna kava ambazo zimewafunika wenye wimbo.

Wanamuziki wetu wana neno lao la zamani, kopi. Bendi inayopiga baa Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, Ijumaa usiku inapiga kopi: zilipendwa moja baada ya nyingine, solo ile ile, kiitikio kile kile, na sifa kubwa ambayo mteja anaweza kuitoa ni kusema "wamepiga kama CD". Simdharau mpiga kopi. Kulikopi solo la Mbaraka Mwinshehe likatoka kama lilivyo ni kazi ya miezi. Ila kopi inajaribu kufuta tofauti kati yako na mwenye wimbo, na kava inaishi ndani ya tofauti hiyo. Bradley alizijua zote mbili. Kwa miaka mingi alijipatia riziki kwa kumuigiza nyota wa souli, James Brown, jukwaani, nywele, miguno na yote, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 62.

Sampo ni kitu kingine. Hapo msanii anachukua kipande cha rekodi yenyewe, anakishona ndani ya wimbo wake mpya. Remiksi nayo ni rekodi ile ile iliyopangwa upya mdundo. Watu wanazichanganya hizi mitandaoni kila siku, na mimi nimeshaacha kubishana.

Sasa tuuchukue wimbo mmoja wa chuma kweli kweli, tuone unavyoweza kuhama nyumba. Iron Man, maana yake mtu wa chuma, ulitoka mwaka 1970 katika Paranoid, albamu ya pili ya Black Sabbath. Maneno aliyaandika mpiga besi, Geezer Butler. Mtu anasafiri hadi wakati ujao, anaona dunia ikiangamia, anarudi kuwaonya watu, lakini njiani anageuka chuma na hawezi kusema. Watu wanampita, wanamcheka. Hasira zinampanda, analipiza kisasi, na maangamizi aliyotaka kuwaonya nayo anayaleta yeye mwenyewe. Ukiuchunguza vizuri ni ngano, ya aina ile bibi angekusimulia jioni, ila hii haina sungura.

Kinachoubeba ni kile wapiga gitaa wanachokiita rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia hadi kinakuwa sura ya wimbo. Rifu ya Iron Man inapanda hatua chache kwa uzito, inatikisika katikati kama mtu aliyebeba gunia la viazi anayetafuta mizani, halafu inatua. Aliyeipiga ni Tony Iommi. Akiwa na miaka 17 alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, ndio anaobonyezea nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akaendelea kupiga. Baadaye akazilegeza nyuzi ziwe rahisi kwa vidole hivyo, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito zaidi. Ukipita kwa mafundi wanaokunja mabati ya masanduku ya wanafunzi pale Mwanjelwa, nyundo inapiga, bati linajibu, hadithi hiyo haihitaji maelezo mengi.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo ndilo lililoufanya wimbo uazimike hivi. Ozzy Osbourne, mwimbaji, anaimba noti zile zile za gitaa. Rifu na sauti ya kuimba ni kitu kimoja. Kwa hiyo hata ukiliondoa gitaa, ukaondoa ngoma, ukaondoa kelele yote, wimbo bado upo mdomoni mwa mtu. Nyimbo nyingi za chuma hazina bahati hiyo. Ukiziondolea gitaa unabaki na mtu anayepiga kelele peke yake.

Bendi ya Uswidi The Cardigans waliliona hilo. Mwaka 1996 waliurekodi Iron Man, mwimbaji akiwa Nina Persson, mwenye sauti laini ya kumbembelezea mtoto. Wanaupiga taratibu, kama muziki wa sebuleni baada ya wageni kuondoka. Mara ya kwanza utatabasamu. Mara ya pili utaanza kuyasikiliza maneno, na kumbe ni habari ya mtu aliyetengwa, ambaye hakuna anayejali kama ni mzima au amekufa. Kwa Ozzy unaogopa kisasi. Kwa Persson unamhurumia mwenye kisasi. Hajabadilisha habari, amebadilisha tu mahali ulipokaa wewe unayesikiliza. Hiyo ndiyo kava ninayoipenda kuliko zote za wimbo huu.

Mwaka 2004 The Bad Plus, watatu wa Marekani wenye piano, besi kubwa ya kusimama na ngoma, waliupiga bila maneno kabisa. Wao ni watu wa jazi, na hapa nisieleweke vibaya: si jazi ya Morogoro Jazz wala ile ya kucheza dansi. Piano inaikanyaga rifu kwa mkono mzito, kisha inaiacha izurure. Zaidi ya miaka 15 kabla yao, mwaka 1988, mchanaji wa Seattle aitwaye Sir Mix-a-Lot aliuchana kwa mistari yake mwenyewe, magitaa yakipigwa na bendi ya chuma ya Metal Church. Na mwaka 1998 mchanaji mwingine, Busta Rhymes, akautumia katika wimbo wake mwingine, akamwita Ozzy mwenyewe aje aimbe. Huo wa mwisho siuiti kava. Jina jipya, mistari mipya, na mtu wa chuma kaalikwa kama mgeni.

Je, ukibakiza sauti ya wimbo, yaani tuni yake, na kubadilisha maneno yote? Mapema miaka ya 1970 Wajerumani wawili, Cindy na Bert, waliojulikana kwa nyimbo tamu za mapenzi, waliuchukua wimbo Paranoid wa bendi hiyo hiyo, wakauvika maneno ya Kijerumani kuhusu yule mbwa wa kutisha wa Baskerville katika hadithi ya Sherlock Holmes. Black Sabbath waliimba kuhusu mtu aliyevurugika akili, na hawa wakaimba kuhusu mbwa. Ni kichekesho, lakini ngoma inadunda kweli.

Kabla ya kuwacheka Wajerumani, tukumbuke sisi tunasimama wima kwa jambo la jamii hiyo. Sauti ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Ukivuka mpaka pale Tunduma, ukawakuta wanafunzi wa Zambia kwenye mstari wa asubuhi, utasikia sauti ile ile ikiwa na maneno yao. Dereva mmoja wa lori aliniambia kwamba mara ya kwanza alivua kofia kabla ya kugundua kwamba si wetu.

Nyanda za Juu Kusini zimezoea mambo haya kuliko zinavyodhani. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na nyimbo zao kutoka Ujerumani, na leo tarumbeta za kanisa zinapigwa Mbeya nzima kwenye misa, harusi na mazishi. Chukua Mwamba Wenye Imara. Kwenye kitabu ni tenzi ya watu waliokaa kwenye benchi. Tarumbeta zikiupiga kaburini unakuwa mzito, unatembea hatua kwa hatua. Kwaya ya vijana ikiuchukua siku ya tamasha, wanaongeza ngoma na gitaa la besi, wazee wanatazamana. Mabishano ya baada ya ibada, kwamba "wameuharibu" au "wameufufua", ndiyo mabishano yale yale ya mashabiki wa Black Sabbath.

Mabishano hayo yalimkuta mtu mmoja vibaya. Pat Boone, mwimbaji mpole wa Marekani aliyevuma miaka ya 1950 na aliyejulikana kwa ucha Mungu, mwaka 1997 alitoa albamu ya nyimbo za roki nzito na za chuma zilizopigwa na bendi kubwa ya matarumbeta, Enter Sandman wa Metallica, bendi ya chuma ya Marekani, ukiwemo. Kuinogesha, akajitokeza kwenye sherehe ya tuzo akiwa na kizibao cha ngozi na michoro bandia ya mwilini. Kituo cha televisheni cha Kikristo kilichokuwa kikirusha kipindi chake kikakisimamisha. Kwa maoni yangu kosa lake halikuwa dini. Kava zake zinachekesha mara moja tu, kwa sababu anauimba mshangao wenyewe: tazameni, Pat Boone anaimba Metallica! Zilinganishe na Apocalyptica, wapiga selo wanne wa Finland waliojitokeza mwaka 1996 na albamu nzima ya nyimbo za Metallica bila mwimbaji. Selo ni ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Hawa nao walishangaza watu, ila mshangao ukiisha bado unabaki muziki.

Upande wa sheria nitapita haraka. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukifanya kava huigusi rekodi, unagusa utunzi, kwa hiyo anayedai ni mtunzi au anayesimamia kazi zake. Ukifanya sampo ya rekodi unazigusa zote mbili. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na pa kuanzia kuuliza ni COSOTA, ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Kijana anayeweka kava yake YouTube asishangae mapato yakienda kwa mtunzi.

Baada ya ile siku ya Tukuyu nilirudi Mbeya na wazo la kijinga. Jirani yangu ana kijana anayepiga tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, kwenye kikundi cha kanisa. Nilimsikilizisha rifu ya Iron Man kwenye simu mara tatu. Akaomba muda, akaitafuta kwa midomo kwanza, kisha wakati wenzake wanapanga viti baada ya mazoezi akaipuliza taratibu. Chombo hakikuweza kukimbia pale katikati, kwa hiyo ule mtikisiko akaugeuza noti ndefu mbili. Mwenzake wa tromboni akaongeza sauti ya juu bila kuombwa. Mabati ya ukumbi yakaanza kutetemeka kidogo.

Mwalimu wa tarumbeta aliingia kutoka nje, akasimama mlangoni na daftari lake, akasikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ni nzuri kwa mazishi," akasema. "Ni namba ngapi?"